Nani Mwenye Robo Saa ya Kutulia?

HOJA: Kila mtu mzima anapaswa kutenga walau robo saa ya kimya kila siku, kwa kuwa kutulia ndiyo njia ya furaha.

WASEMAJI: Muuguzi wa kliniki ya presha, mama lishe, ustadhi wa madrasa na mhadhiri wa saikolojia.

MUUGUZI: Kabla sijamfunga mgonjwa mkanda wa kupimia presha, taratibu za kazi zinanitaka nimkalishe dakika 5: mgongo umeegemea kiti, nyayo ziko chini, hakuna kuongea wala kushika simu. Mtu akipimwa huku anahema kutoka kituo cha daladala, kipimo kinapanda na kinatudanganya. Kwa hiyo kila siku ya kazi nawaona watu wazima wakitulia, na wengi wao hawajafanya hivyo tangu walipoamka. Naona mabega yakishuka, ngumi zikifunguka. Wapo wanaoniomba niwaache wakae kidogo tena. Hoja yangu inaanzia hapo. Ikiwa dakika 5 tu zinaubadilisha mwili mbele ya macho yetu, basi anayejipa robo saa kila siku atapata nafasi ya kuionja siku yake. Mambo mema hayakosekani katika maisha ya watu hawa. Yanapita wakiwa mbioni, hawayaoni.

MAMA LISHE: Mwanangu, kazi yako naiheshimu, lakini hiyo robo saa niitoe wapi? Naamka saa kumi alfajiri. Jua halijatoka nimeshawasha mkaa, maharage yako motoni, unga wa chapati umekandwa, na mafundi wa gereji wanataka supu yao saa moja. Mchana ni wali na ugali mpaka saa tisa. Nikimaliza kuna sufuria za kuosha na mahitaji ya kesho ya kununua. Jioni anakuja mtu wa marejesho, maana nilichukua mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, mtoto alipolazwa. Nalala na watoto wanne chumba kimoja, na ukuta wa pili ni baa. Anayesema kila mtu atenge robo saa amehesabu siku yake, hajaihesabu yangu.

MUUGUZI: Wagonjwa wangu wengi ni akina mama wanaoishi kama unavyoishi, na ndiyo maana nasema. Wananiambia hawana muda, na siku kiharusi kinapowaangusha muda wote wa nyumba unakwenda kwenye kuwauguza. Sikuombi ukae msikitini au kanisani nusu siku. Wakati unasubiri wali uive, vuta pumzi polepole, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Pumzi inayotoka taratibu inauamsha mshipa wa fahamu uitwao vagasi, na mshipa huo unapunguza kasi ya moyo. Hakuna ada, hakuna kifaa, na jiko halizimwi.

MAMA LISHE: Nikisubiri wali uive siko bure. Nausikiliza, naunusa, najua lini nipalie mkaa juu ya mfuniko na lini niuondoe. Wali ukiungua mtaji umekwenda. Hebu tutazame nyumba nzima, tusinitazame mimi peke yangu. Mume wangu anarudi, anaoga, anakwenda kukaa barazani na wenzake wanakunywa kahawa mpaka saa tatu. Muda wa kutulia nyumbani kwetu upo, ila ameshauchukua mtu mmoja.

MHADHIRI: Takwimu zinamuunga mkono mama. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanyika Kenya mwaka 2021 ulionyesha kuwa muda wanaotumia wanawake katika kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa unakaribia mara tano ya ule wa wanaume. Kumwambia kila mtu atenge ni kumwagiza asiyenacho. Mimi nina shaka ya pili, inayohusu ahadi ya furaha. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 ya mafunzo ya tafakuri, yenye washiriki 3,515. Wasiwasi ulipungua kwa kiasi. Sonona ilipungua kwa kiasi, na maumivu vilevile. Watafiti walipotazama kama hisia za furaha ziliongezeka, hawakupata ushahidi wa kuwatosha kusema ndiyo. Kupunguza mateso ni jambo kubwa, nami nalipongeza. Lakini hoja hii haikuahidi kupunguza mateso. Imeahidi furaha.

MUUGUZI: Daktari, wewe unavitenganisha hivyo viwili kwenye karatasi. Mbele ya mgonjwa havitengani kirahisi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kutulia na kuifuatilia pumzi. Wengi wao walikuwa na maumivu ya muda mrefu ambayo dawa zilishindwa kuyamaliza. Hawakuahidiwa kupona. Walifundishwa kuishi na mwili ule ule bila kupigana nao mchana na usiku. Na kuhusu furaha yenyewe, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walitangaza mwaka 2010 matokeo ya watu 2,250 walioulizwa kupitia simu zao, saa yoyote, wanafanya nini na akili yao iko wapi. Karibu nusu ya nyakati akili ilikuwa kwingine kabisa. Na akili ilipokuwa kwingine, watu walikuwa na furaha ndogo, hata kama kazi waliyokuwa wakiifanya ilikuwa ya kupendeza.

MHADHIRI: Utafiti huo huo unakukwamisha. Mkalishe mtu peke yake bila shughuli uone akili yake inakwenda wapi. Timothy Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walifanya hivyo, na matokeo yakatoka mwaka 2014. Waliwaacha watu peke yao chumbani dakika 15, hakuna simu wala kitabu, ila kitufe cha kujipiga shoti ya umeme ambayo kabla ya hapo walisema wangelipa fedha kuiepuka. Wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza. Wanawake walikuwa 6 kati ya 24. Kama kimya kingekuwa njia ya furaha iliyo wazi, watu hawa wasingekimbilia maumivu ili kukitoroka.

MAMA LISHE: Na mimi niseme juu ya hiyo akili inayotangatanga. Nikikanda unga akili yangu iko kwenye unga. Nikimpakulia mteja namtazama usoni, najua huyu leo hajapata kazi, huyu ana njaa ya tangu jana. Akili inaanza kutangatanga nikikaa: kodi ya nyumba, michango ya shule, marejesho. Nesi, unachonitafutia kwenye kimya mimi ninacho kwenye kazi. Ukiniweka kwenye kiti utaniondolea.

MUUGUZI: Maneno yako mazito, mama, na nayakubali nusu. Kazi ya mikono inayofanywa kwa moyo inamtuliza mtu. Lakini umejieleza mwenyewe: ukikaa tu, madeni yanakuvamia. Ina maana yapo siku nzima, yanangoja mikono isimame. Usiku ukijilaza yanakuja, na usingizi unaondoka. Wale watu wa Virginia waliachwa chumbani bila kufundishwa chochote, na asiyefundishwa lazima apate tabu. Leo kila mmoja wetu anacho kile kitufe mfukoni: mtu akisimama foleni nusu dakika ameshatoa simu. Nafundisha kukaa na mawazo hayo bila kuyakimbia, kwa sababu yasipokutana nawe mchana yatakufuata kitandani.

USTADHI: Mmezungumza muda mrefu kana kwamba kutulia kumeanzia Massachusetts. Katika dini yetu kuna mtu aliyeingia msikitini akaswali mbio, kisha akaja kumsalimia Mtume, rehema na amani ziwe juu yake. Mtume akamwambia arudi akaswali, maana hakuswali. Mara tatu akamrudisha, ndipo akamfundisha: urukuu mpaka utulie katika rukuu, usimame mpaka ulingane sawa, usujudu mpaka utulie katika sijda. Kwa mafakihi wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Masunni wengi wa pwani hii, kutulia huko ni nguzo, na nguzo ikikosekana sala imevunjika. Mchukuzi wa Kariakoo anayesimamisha mkokoteni adhana inapolia anapata nyakati tano za kutulia, na hakuna tajiri anayeweza kumwambia hana haki nazo. Mnamtafutia mama muda. Sisi tunasema muda umeshawekwa, na mwenye kuuweka si mume wala bosi.

MHADHIRI: Kwa hiyo Ustadhi unaiunga mkono hoja?

USTADHI: Siiungi mkono. Ninyi mnataka mtu akae ajisikilize mwenyewe. Nafsi ikijisikiliza yenyewe itasikia nini zaidi ya matamanio yake na hofu zake? Sura ya Ar-Raad inafungamanisha utulivu wa nyoyo na kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Kimya kisicho na wa kukumbukwa ni chumba kitupu. Tena siku hizi chumba hicho kinauzwa: kuna programu za simu zinazomtoza mtu kila mwezi ili zimfundishe kunyamaza. Na wanaozinunua wanazinunua kwa ajili ya furaha yao. Sala haikuwekwa ili nifurahi. Imewekwa kwa sababu mimi ni mja. Furaha ikija ni neema, isipokuja bado nitasimama alfajiri. Ukiigeuza ibada kuwa kidonge, siku kidonge kisipofanya kazi utakitupa.

MUUGUZI: Ustadhi, wanaokuja kwangu wanaswali, na wengine wanasali rozari kila siku. Wengi wao wanaswali kama yule mtu wa kwanza kwenye kisa chako: midomo inatamka, akili iko dukani. Nikimfundisha mtu kutulia, simwambii amwache Mungu. Namsaidia afike kwenye sala yake akiwa mzima. Na asiye na dini naye ana moyo unaodunda. Nimwambie sina la kumpa mpaka asilimu au abatizwe?

MAMA LISHE: Mimi ni Mkatoliki, nimekulia kule Songea, si mbali na Peramiho. Watawa wa Benedikto wako pale tangu 1898. Kengele ikilia wanaacha walichokishika wanakwenda kusali. Tulipokuwa watoto tulipenda kuwaangalia wakitembea kimya. Nilipokuwa mkubwa nikaona jambo jingine: mtawa hana mtoto wa kunyonyesha kengele inapolia. Utaratibu wao mzuri umejengwa kwa watu waliokubali kutokuwa na familia. Ukiuchukua ukauweka kwenye chumba changu cha kupanga, kengele italia na mtoto atalia.

MUUGUZI: Na pale Peramiho pana hospitali, karakana na mashamba. Watu wale wale wanaonyamaza mara kadhaa kwa siku ndio walioyajenga hayo. Mwalimu Nyerere alikuwa na nchi nzima mabegani, na bado alijulikana kwa kwenda misa za asubuhi. Mwaka 1963, akiwa Rais, ikatoka tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare. Kazi kama ile haifanywi na mtu asiyejua kujifungia akatulia. Mwenye majukumu mengi ndiye anayehitaji zaidi pa kusimama.

MAMA LISHE: Mwalimu namheshimu kuliko unavyodhani. Lakini Ikulu ilikuwa na wapishi.

MHADHIRI: Hapo niongeze jambo ambalo halijasemwa. Wahenga walituonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown amechunguza kwa miaka watu ambao tafakuri iliwaletea hofu, kukosa usingizi, au kumbukumbu za machungu waliyokuwa wameyafukia. Mtu aliyefiwa wiki iliyopita, au mwanamke aliyepigwa, ukimwambia afumbe macho akae na yaliyomo ndani, umempeleka peke yake mahali pa hatari. Hata shuleni, jaribio kubwa la Uingereza lililotoa matokeo mwaka 2022 liliwahusu wanafunzi zaidi ya 8,000. Waliofundishwa kutulia na kuzingatia hawakuwa na afya bora ya akili kuliko wenzao walioendelea na masomo ya kawaida. Hoja inayosema kila mtu ingepaswa kuogopa matokeo kama hayo.

MUUGUZI: Matokeo hayo ni ya watoto waliolazimishwa kukaa darasani, na wengi hawakuwa wakifanya mazoezi nyumbani. Onyo lako la majeraha nalipokea. Mtu wa namna hiyo simwachi peke yake, nakaa naye. Lakini ukiondoa kimya, wewe utampa nini?

MHADHIRI: Nitampa mtu. Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na wenye msongo na kuwasikiliza. Jaribio la watu 573 lililochapishwa 2016 lilionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliokaa na mabibi wale walikuwa na dalili chache zaidi za wasiwasi na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Na Harvard kuna utafiti ulioanza 1938, ukawafuata wanaume 724 na baadaye familia zao, kwa zaidi ya miaka 80. Kilichotabiri vizuri zaidi uzee wenye afya na furaha kilikuwa uhusiano mwema na watu. Mtu ni watu. Ukinipa robo saa moja ya ziada katika siku ya mama, sitamshauri akae peke yake.

MAMA LISHE: Furaha yangu mimi iko kwenye kwaya. Jumatano na Jumamosi jioni, hata nikiwa nimechoka, nikifika nikasimama kwenye sauti ya pili, wenzangu kulia na kushoto, wimbo ukakaa sawa, kila kitu kinashuka. Hakuna kimya pale. Tunatoa sauti mpaka dirisha linatetemeka. Kama kuna njia ya furaha, mimi nimepita hiyo.

USTADHI: Na kati ya wimbo na wimbo, mama, mwalimu wenu wa kwaya hawaambii mnyamaze?

MAMA LISHE: Anatuambia. Tusiponyamaza hatuisikii noti.

USTADHI: Basi kimya kina kazi yake hata kwenye kwaya. Sisi tuna itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani. Mtu anajifunga kwa Mola wake, lakini ndani ya msikiti, pamoja na jamaa. Jirani yake anasoma, mwingine analeta futari. Mhadhiri anatenganisha kutulia na watu. Muuguzi anamkalisha mtu na pumzi yake peke yake. Wazee wetu hawakuvitenga viwili hivyo, na naona mkivitenga mtapoteza vyote.

MHADHIRI: Ustadhi, walioko kwenye itikafu nao wana watu nyumbani wanaopika hiyo futari.

USTADHI: Wapo. Na anayemfuturisha aliyefunga ana ujira sawa na wa yule aliyefunga. Sikatai kwamba sisi wanaume tumezoea ujira huo tuwaachie wake zetu, na sisi tuchukue ule wa kukaa. Hilo ni kosa letu, si kosa la itikafu.

MAMA LISHE: Nashukuru umesema. Ila kuna jambo linaniuma zaidi. Tangu nikiwa msichana nimeambiwa nitulie. Nimepigwa, nikaambiwa tulia, mambo ya ndani hayatoki nje. Mkopeshaji amekuja kubeba jiko langu, nikaambiwa tulia. Leo anakuja msomi kuniambia nikitulia nitapata furaha. Kausha damu haiondoki kwa pumzi. Inaondoka ikitungiwa sheria na ikisimamiwa, na akina mama wakipata mkopo wa riba ya haki. Mkinifundisha kutulia kabla ya kunifundisha kudai, mtakuwa mmewasaidia wanaonidhulumu.

MUUGUZI: Mama, aliyekuambia utulie chini ya kipigo alikutaka unyamaze. Mimi ninachotaka ni kinyume chake. Mtu aliyetulia anaona mambo yalivyo, na anajua wapi aseme hapana. Aliyechanganyikiwa anasaini karatasi asiyoisoma.

MAMA LISHE: Mimi nilisaini karatasi ile. Mtoto alikuwa na degedege, na fedha zilihitajika usiku ule. Ungenikalisha dakika ngapi?

MUUGUZI: Hata moja. Ningekimbia nawe. Sikulaumu kwa usiku ule, na nisingethubutu. Nazungumzia asubuhi iliyofuata, na miezi iliyofuata, ambapo deni limekufanya usahau kwamba una mwili. Sheria ije, nami nitaidai pamoja nawe. Ila ikichelewa miaka 10, moyo wako utadunda kwa mwendo huu mpaka lini?

MHADHIRI: Hakuna aliyemshawishi mwenzake. Basi kila mmoja aseme ni kitu gani kingemfanya abadili mawazo. Naanza mimi. Tuchukue watu wa Dar es Salaam wenye siku ngumu. Wengine wapewe robo saa ya kukaa kimya, wengine robo saa ya kuzungumza na jirani anayejua kusikiliza, na kila kundi lipewe mtu wa kulibebea kazi kwa muda huo. Baada ya mwaka, kama waliokaa kimya wana furaha sawa au zaidi, nitaiunga mkono hoja hadharani.

USTADHI: Mimi nione matunda. Kama wanaotulia bila kumkumbuka Mwenyezi Mungu wanakuwa wema zaidi kwa wazazi wao, wakweli zaidi kwenye mizani, wepesi zaidi wa kutoa, nitakiri kwamba wamefika mahali. Wakirudi na furaha yao tu, nitabaki nilipo.

MUUGUZI: Wapunguziwe mzigo akina mama wa kliniki yangu: baba washike nusu ya kazi za nyumba, marejesho yawe ya haki. Kisha niwaone. Kama bila zoezi lolote la kutulia wanalala usingizi, wanacheka, na presha imeshuka, nitasema tatizo lilikuwa mzigo peke yake. Lakini nawajua baba wengi wenye muda, wanaokaa barazani kila jioni, na ndani hawana raha hata kidogo. Hao ndio wanaonizuia nisikubali leo.

MAMA LISHE: Mimi sihitaji utafiti. Leteni mtu ashike mwiko wangu robo saa kila siku, nitakaa kama nesi anavyotaka, na nikiiona furaha humo nitawaambia na wenzangu wote wa vikoba. Lakini robo saa hiyo isitoke kwenye usingizi wangu, maana ni mfupi. Isitoke kwenye kwaya. Wala isitoke kwa binti yangu, kwa sababu nikikaa mimi ndiye atakayeitwa aache daftari aje jikoni. Semeni itatoka kwa nani.